Wimbo wa Namba Kumi na Tisa

Barnsley, Jumapili

Mdogo wangu Kieran,

Kila gazeti lenye picha ya bendi yenu, shangazi Noreen ananiletea. Umekonda. Mwambie huyo mpiga ngoma wenu anyoe, anatutia aibu. Paka wa jirani amezalia kwenye kikapu chetu cha nguo.

Wimbo wenu huku haukwepeki. Ule wa mzee anayelala kwenye ngazi na chipsi kifuani, akimwita marehemu mkewe. Huko London wanadhani umebuni. Hapa kila mtu anajua ni ngazi zipi, maana umetaja mpaka namba ya nyumba.

Wiki jana watoto wa shule walimwimbia baba ndani ya basi analoendesha, basi zima. "Amka mzee, chipsi zinapoa." Akasimamisha basi katikati ya mteremko, akazima injini, akashuka na kwenda zake kwa miguu. Kazini wamemwambia asirudi. Tangu hapo hanywi, wala haongei. Anashinda jikoni amevaa sare.

Nilikaa niandike barua ya kukutukana. Lakini jana redio iliupiga tena, nikanyoosha mkono niizime.

"Iache," baba akasema. "Mtoto yuko kazini."

Akausikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kulala. Alizipanda zile ngazi polepole, ameshika ukuta, kama mtu aliye kwenye nyumba ya watu.

Dada yako,
Bernadette