Oili Chafu Lita Tano

Kongowe, Kibaha
9 Februari 2025

Mama yangu kipenzi,

...basi nilipofika hapo simu ya jirani yako Salama ikakata, nawe hukusikia utamu wenyewe. Nakumalizia kwa barua. Melkiori atakuletea na pikipiki yake akija huko kuchukua mihogo. Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi wazima, tena wazima kupita kiasi. Ndoa ina wiki tano na bado nikisikia geti likilia naacha hata mboga iungue.

Nilikuwa nakueleza kazi ya Vicent wangu. Pale maabara wanatafuta njia ya kuondoa mafuta yaliyomwagika kwenye maji, na yeye ndiye aliyewaambia wajaribu sufi. Sufi hii hii ya miti ya kwetu! Inakunywa mafuta, maji inayakataa. Ukiikamua, mafuta yanatoka, unaitumia tena. Mama, akieleza mambo hayo macho yake yanang'aa, mimi hata sisikii vizuri, namtazama tu.

Jumapili iliyopita baada ya misa tulitembea Ruvu, tumeshikana mikono bila aibu. Jioni akaleta galoni la oili chafu ya magari, akaumwagia mto lita tano zote huku nikimwangalia. Mto ukanywa, halikuonekana tone! Nikampigia makofi. Akaniuliza kama sijachukia. Nikamwambia, "Endelea mume wangu, mto mwingine upo."

Sasa habari kubwa: Dokta Biubwa, mkubwa wake, amekubali waje kufanya jaribio kwenye kijito chenu, pale oili ya gereji ya malori inapoingia kwenye bustani. Watatandaza nyavu zilizojazwa sufi. Vicent ndiye aliyeomba, anasema hiyo ni mahari ya pili. Wanafika tarehe 27. Mpokee vizuri mume wangu.

Binti yako mwenye raha,
Dina


Kisarawe
14 Februari 2025

Dina,

Marahaba. Goti liache, leo kinachouma ni moyo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani nikidhani macho yananidanganya.

"Mto mwingine upo"! Nani kakufundisha kusema hivyo? Watu wanakunywa maji ya Ruvu, Kibaha mpaka Dar es Salaam, wanavua kambare humo, mumeo anamwaga oili lita tano na wewe unapiga makofi? Hapa kwetu mwenye gereji anaachia kidogo kidogo, na mwaka huu ni wa tatu mchicha unatoka na utando. Wateja wanaunusa, wanaurudisha kwenye beseni. Kumbe binti yangu nimemwoza kwa mtu wa aina ya mwenye gereji, tena huyu kasomea!

Asije. Akija nitasema mbele ya watu. Mwenyekiti wa akina mama wa bustani ni mimi, na kijito kile hakiguswi bila neno langu.

Usimwonyeshe barua hii. Au mwonyeshe.

Mama yako,
Petronila


Kongowe, Kibaha
1 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, kwa kuwa ulinifundisha kuamkia hata nikiwa na hasira. Afya yako sikuulizi, watu wote waliokuwepo mkutanoni juzi wanasema sauti unayo.

Barua yako nimeipata leo. Leo, Mama! Melkiori alilala na homa wiki mbili, ikabaki kwenye mfuko wa koti lake. Nimeisoma nimesimama mlangoni, nikakaa chini palepale.

MTO WA KULALIA! Ule wa sufi ulionishonea mwenyewe kwa harusi yangu, wenye foronya ya maua mekundu. Sufi ya maabara ilikuwa imewaishia, nikampa mto mmoja aujaribie kwenye beseni, uani kwetu, tena kwa moyo wote. Tulikuwa na miwili! Ruvu tulikwenda kutembea tu, kupendana. Wewe unamjua Vicent, mtu anayeokota hata ganda la muwa barabarani akalitia mfukoni. Huyo ndiye wa kumwaga oili mtoni?

Ulisimama mbele ya mtendaji na kijiji kizima ukasema, "Huyu anachafua mito, mke wake kaniandikia kwa mkono wake." Ukamwita mmwaga mafuta. Wakawafukuza na nyavu zao zikiwa bado kwenye gari. Dokta Biubwa kamwambia Vicent kwamba kijiji kisipowaalika kwa barua kabla ya mwisho wa Machi, jaribio litahamia mkoa mwingine, na yeye jina lake litatolewa kwenye kazi aliyoianzisha mwenyewe.

Unajua kwa nini hakukujibu? Kwa sababu wewe ni mama mkwe wake! Aliinama, mikono nyuma, akimeza kila neno, maana kwao na kwetu mkwe hajibizani na mkwe. Na watu wakasema, "Mnaona? Kanyamaza, ni kweli." Heshima aliyokupa ndiyo mliyomhukumia.

Amerudi nyumbani hakula. Na bado anaulizia goti lako. Mume gani huyu, Mama! Nampenda mpaka nachukia.

Dina


Kisarawe
8 Machi 2025

Dina mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, kwa kuwa mumeo anauliza.

Nilimsomea Salama barua yako. Kafunga, lakini alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Bi Petro, utanifunguza!" Halafu akaniuliza mbele ya wenzake, "Wewe ulidhani mto unapigwa makofi?" Sasa kila ninapopita wananiuliza nimelalia mto gani. Hasira niliyokuwa nayo kwa mumeo sijui niipeleke wapi, nakuletea wewe. Form four umemaliza, unashindwa kuandika "mto wa kulalia"? Na ule mto nilichambua sufi yake siku nne, mbegu moja moja. Hukuwaza kuniuliza?

Na yeye angesema neno moja tu! Ingawa angelisema, ningemwona hana adabu. Hapo umenishinda.

Nilikwenda kwa mtendaji anipe barua ya mwaliko. Kasema kilichosemwa mkutanoni kinafutwa mkutanoni, nisimame mimi mwenyewe. Mwenye gereji alikuwa amekaa pale ofisini, miguu ameinyoosha. Akaniambia, "Mama, asante, ulinisaidia sana siku ile." Asante! Nilitamani nimvue kiatu nimpige nacho.

Lakini kusimama mbele ya watu niseme sikuelewa barua ya mwanangu, Dina, hilo ni zito. Mwambie mumeo awe na subira. Nitaona.

Mama


Kongowe, Kibaha
19 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Bustani najua haikuamka salama, maana mvua ya jana tumeipata hata huku, na Salama kanipigia asubuhi. Anasema matuta manne ya chini yamepakwa weusi na maji ya kijito, na lako ni mojawapo. Mvua hii ni ya kwanza tu. Masika yenyewe hayajaanza.

Unasema utaona. Utaona nini tena, Mama?

Vicent nilimwambia awe na subira kama ulivyoagiza. Akasema, "Mama akichoka kunikasirikia atanijua." Mimi sina moyo huo. Nimeolewa miezi miwili na nusu, nilitaka nikuandikie mambo ya mapenzi tu, anavyonichotea maji ya kuoga kabla sijaamka. Badala yake nashinda nimekukasirikia, wewe niliyekuwa nakulilia siku ya kuaga. Hilo nalo linanikasirisha.

Nimempigia mtendaji mwenyewe. Mkutano ni Jumamosi tarehe 29. Nimemwomba Dokta Biubwa gari na nyavu, kakubali, kwa sharti kwamba hazishuki mpaka kijiji kitamke. Vicent hatasema kitu, unajua kwa nini. Mimi nitakaa mstari wa mbele nikikutazama. Usitupikie, usitutandikie. Kazi yako ni moja: simama, mwenye gereji akiwa palepale, useme, "Huyu ni mkwe wangu, nilimkosea."

Usiposimama, nitasimama mimi, na hapo utakuwa umeaibika mara mbili.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi na mume wangu.

Binti yako,
Dina