Maji ya Pasaka ndani ya Batri

Élisabethville, cité ya Kenya, mwezi wa tano 1954

Kwa Yaya Léonard, mukubwa wangu, kule Kambove,

Jambo yako sana, Yaya, na jambo ya bibi yako na batoto. Muko bazima? Kile kifua cha vumbi la mine kimepoa kidogo? Siye huku tunapumua. Bibi yangu Brigitte anakusalimia. Mama naye iko na nguvu, anashika rozari yake na kukemea jirani wote. Lakini mimi, Yaya, niko mubaya. Usingizi umenikimbia.

Unamujua bwana wangu, yule muzungu mwenye kupima mawe. Alipokwenda kupumzika congé Ulaya aliniachia roulotte yake, ile nyumba ya magurudumu anayolala ndani akiwa pori, na batri zake za taa. Alinionyesha kazi mwenyewe: nitoe kamba zake za umeme, nipakae grisi ku vichwa vya batri, nichaji kila mwezi, na maji yakishuka niongeze maji ya chupa, yale yasiyo na kitu ndani. Akasema batri ikilala bila kuangaliwa inakufa. Akasema tena kwamba nikiziharibu, atajua niliuzisha umeme wake kwa bantu ba cité, na nitaeleza vizuri mu boloko, kule gerezani. Yaya, unajua fimbo ya boloko.

Nilifanya yote, haki ya Mungu! Lakini maji ya chupa yaliisha, na duka la bazungu lilikataa kuniuzishia bila mukanda wa bwana, barua ya mukono wake. Nilipochungulia ndani, vile vibati vya risasi vilikuwa vimetoka inje ya maji. Nikarudi nyumbani nikalia mbele ya Mama na Brigitte, nikisema batri zinakufa na kiu na miye nimekwisha.

Kesho yake nafika ku hangari mwenye kulala roulotte, nakuta maji yamejaa mu batri! Nikafikiri ni Godefroid, fundi wa garage hapa Kenya, amenihurumia. Nikashukuru, nikaanza kuchaji. Ee Maria! Zilitoa povu, zikachemka, zikanuka javel, ile dawa ya kufulia nguo, mpaka macho yakatoka machozi. Nikakimbia kumuita Godefroid. Akasema yeye hakumwanga ndani hata tone. Akanusa, akaniuliza ni mujinga gani aliweka chumvi. Tulimwanga yote inje, tukasafisha, tukatia maji mapya na asidi aliyotoa kwake. Bure. Alisema chumvi imekwisha kula vibati, na kwamba batri haina ufufuko.

Sasa Yaya, kaa chini. Muntu gani anatia chumvi mu maji? Padri, wakati anayabariki. Niliangalia ku kabati, ile chupa ya Mama ya maji ya Pasaka ilikuwa wazi. Ile aliyoiweka kwa siku ya kufa kwake! Mama hakuficha. Aliniambia na furaha kwamba alikamata ufunguo wa hangari ku musumari nikiwa ningali nalala, na ku kila tundu la batri alisali Baba Yetu moja.

Bwana anashuka na ndege Luano siku ya posho, Jumamosi. Nitasema ni miye nilimwanga yale maji ndani, basi. Lakini Mama akiwa hapa, atasimama mbele yake kujisifu, na hakuna mwenye kumunyamazisha. Yaya, nakupigia magoti: kuja mbele ya siku ile. Danganya kwamba bibi yako iko mugonjwa, umupeleke Mama Kambove kumuuguza. Usimwambie hata siku moja kwamba batri zilikufa. Na padri wa kwenu amujazie chupa yake.

Salimia bote ba kule, na batoto ubashike mukono moja moja. Mama iko hapa pembeni yangu, anamenya karanga, anauliza kama nimefikia salamu zake. Anasema nikuandikie kwamba batri zimepona.

Ni miye mudogo wako,
Donat