Gari Lililosimama Penye Nyasi Kavu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Olenguruone, 19 Januari 1977

Naitwa Dalmas Oluoch Ragwar, umri miaka 36, dreva, mkaaji wa Kaptembwo, Nakuru. Mke wangu na watoto wako Alego.

Nimeajiriwa na Bwana Ranjan, mhandisi, kujaribu chombo cha kusafisha moshi wa gari. Kimefungwa chini, kwenye ekzosi. Watengenezaji wanataka kujua kitadumu maili ngapi kwenye milima na vumbi letu. Natumia petroli ya mapipa isiyotiwa madini ya risasi, maana hayo hukiua. Kila siku naenda Olenguruone na kurudi, bila ruhusa ya kusimama wala kubeba mtu. Hata akina mama wenye mizigo nawapita. Wananitukana, na hawakosei.

Mwaka mzima, mtu pekee niliyezungumza naye njiani ni Kosgei, mchunga ng'ombe. Alianza yeye: "Wewe dreva, umepoteza nini hapa kila siku?" Tangu hapo nikawa nasimama kidogo, nanywa mursik yake, maziwa ya kuganda, tunacheka. Bwana Ranjan hajui.

Mnamo tarehe 17 Januari, saa nane mchana, niliegesha penye nyasi kavu kando ya shamba la ngano. Injini ilikuwa inakohoa tangu asubuhi, plagi moja ilikuwa mbovu. Nilipoondoka niliona moshi kwenye kioo cha kutazamia nyuma, nikadhani watu wanachoma takataka.

Jana sikumkuta Kosgei. Ngano ilikuwa imeteketea, na watu wakaniambia amekamatwa kwa kuitia moto. Nikaingia chini ya gari: nyasi zilizoungua zimeshikamana na chombo. Jioni nilimuuliza Bwana Ranjan, bila kumwambia sababu. Alisema petroli isipoungua kwenye injini huungulia ndani ya chombo, nacho huwaka kama jiko la makaa. Gari liko nje, mlitazame. Kazi najua imekwisha, na inaniuma sana.

Afande ameniambia kwamba Kosgei anakataa katakata kuwa kuna gari lililosimama pale. Amesema siku hiyo alikuwa peke yake. Anajua masharti ya kazi yangu, ndiyo maana. Lakini si kweli. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na sina la kupunguza.

(Sahihi) D. O. Ragwar

Nimeyaandika mimi, Konstebo Ngigi, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Gari limekaguliwa, nyasi zilizoungua zimeonekana. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda. Ameketi kwenye benchi nje, anasema anamngoja Kosgei.