Mboga Zenye Matobo

Mtaa wa Shieywe,
Kakamega.
21 Februari 2025

Mpendwa Dada Sylvia,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo? Shemeji Khaemba na Cindy wetu nao hawajambo? Joto la Mombasa bado linawapika? Mimi ni mzima wa mwili tu, moyo haupo mahali pake.

Dada, mama amelazwa. Ni homa ya matumbo, wiki hii yote, na haishuki. Ningepiga simu, lakini niko kando ya kitanda chake na masikio yake unayajua, husikia hata mnong'ono. Naogopa sana.

Unaikumbuka likhubi, ile mboga ya kunde anayopanda nyuma ya nyumba. Jua la Januari lilipochoma kila kitu, yetu ilinawiri hadi majirani wakaja kuitazama. Mume wangu Bramwel alikuwa amechimba mfereji, akasema maji ni ya kijitoni. Mboga ikanenepa, wadudu nao wakaja, vidukari chini ya majani, viwavi juu.

Nilitaka kupiga dawa, mama akakataa. Unajua sokoni kwetu watu huchagua majani yenye matobo, eti hayo hayana sumu. "Kama mdudu anakulanga na hakufi, hata mimi sitakufa," akaniambia. Basi kila asubuhi akawa anatoa viwavi kwa vidole, jani kwa jani, majani yakiwa yamelowa maji ya mfereji. Akimaliza anajifuta kwa leso, anaketi kula ndizi yake.

Juzi nesi aliniuliza mama hushika nini kila siku. Nilirudi nyumbani nikaufuata ule mfereji. Haukufika kijitoni, dada. Ulianzia kwenye bomba la majitaka la mtaa lililopasuka. Nikarudi kuuliza. Bramwel alisema tu kwamba kiangazi kilimshinda. Sina nguvu ya kugombana naye, maji yakimwagika hayazoleki.

Nimeng'oa mboga yote. Mama hajui. Nikimlisha uji ananiuliza nani anatoa viwavi siku hizi, na mimi namjibu ni Bramwel.

Hataki uitwe. Anasema mtu wa mbali akiitwa ghafla, watu huanza kutafuta viti vya matanga. Lakini leo daktari amembonyeza tumbo, limekuwa gumu, akaniambia nitoke nje. Barua hii naipa basi la jioni. Usimsikilize mama. Njoo.

Wasalimie wote hapo kwako. Mungu akushike mkono njiani, na mama akuone.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Awinja