Mbuzi wa Ligi Kubwa

Jumapili, 4 Agosti

Andika, Miledys. Usinitazame, andika. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikiwapelekea maji wakata miwa, lakini maneno ninayo. Na nayataka kwenye daftari kwa sababu moja: Chepe kinyozi asinibishie tena. Jana mbele ya wacheza domino anasema mimi ndiye niliyeamuru mbuzi achinjwe mwaka juzi. Mimi! Amri alitoa yeye, na kisu kilikuwa chake.

Ilivyokuwa ni hivi. Mjukuu wangu Rannel, mtoto wa huyu Miledys anayeandika, anacheza besiboli Amerika, ligi ndogo. Alisaini ana miaka kumi na sita, sasa ana ishirini na saba. Miaka kumi na moja kwenye mabasi, mji huu kalala, mji ule kaamka. Anasimama pale katikati ya kituo cha pili na cha tatu, mpira unakuja chini kwa chini kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Haumpiti! Kupiga kwa gongo — haya, gongo si sana. Miledys kaacha kuandika. Andika, mama. Mwanao ni mwanao, lakini gongo linamsumbua.

Kudaka nilimfundisha mimi. Glovu yake ya kwanza nilimkunjia kwa boksi la maziwa. Nakaa kwenye kiti changu mlangoni, namrushia ndimu mbichi. Uwanja wetu wote mawe, ndimu ikigonga jiwe inaruka inakotaka yenyewe. Ikimpiga mdomoni nasema, haya, nyingine. Zile zilizopasuka nakamulia samaki. Hakuna kilichopotea.

Nilikuwa nasema nini? Mbuzi.

Siku aliposaini niliapa mbele ya mtaa mzima: Rannel akipandishwa ligi kubwa, nachinja mbuzi, tunakula wote. Sasa mwaka juzi tunamtazama kwenye simu ya Miledys, tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kipindi cha nne kocha anamtoa. Hajaumia, hajakosea. Na huku kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua: mchezaji mzima akitolewa katikati ya mchezo, amepandishwa, na wenzake watamkumbatia mmoja mmoja. Tukangoja tuone wakimkumbatia. Picha ikaganda! Chepe akasema mnangoja nini, akaenda kuleta kisu.

Mtaa ulikula mbuzi mpaka ulimi. Jioni Rannel akapiga simu. Akaomba baraka, maana hanisemeshi kabla ya kuomba baraka, nilimlea hivyo. Nikamwambia Mungu akubariki, mchezaji wa ligi kubwa. Akasema, "Bibi, lilikuwa tumbo. Nilikula kuku mbovu."

Jumanne, 13 Agosti

Chepe kapita asubuhi na maneno yake yale yale ya miaka miwili. "Doña Vige," ndivyo mtaa unavyoniita, yaani Bi Vige, "tumbo la mjukuu halijambo?" Nikamwambia halijambo, na nywele zako je, zimetuma barua? Kinyozi ana upara kama yai! Mimi kichwa changu nisingempa. Lakini kahawa nilimpa, maana ni jirani, na mkewe alipofariki ni mimi niliyempikia siku tisa zote za matanga.

Mbuzi mwingine ninaye. Nilimnunua baada ya ile aibu, akiwa mdogo wa kubebwa kwapani. Jina lake Seneta, kwa kuwa anakula kutwa nzima na kazi hafanyi. Amenenepa. Mwezi uliopita kala sidiria ya Miledys kwenye kamba. Miledys hataki kuandika hilo. Limeandikwa.

Rannel kapiga simu mchana. Baraka, bibi, Mungu akubariki, mwanangu. Kwanza tukacheka. Wanakaa watano nyumba moja, yeye ndiye mpishi, anawapikia wali na maharage kama yangu, na yule mrushaji wao mzungu mrefu sasa hali kitu kingine. Anamwita Rannel mama.

Halafu anasema Septemba mosi timu za ligi kubwa zinaongeza wachezaji. Kila mwaka ni hivyo. Mwaka huu asipochukuliwa, basi, mkataba umekwisha na hatasaini tena, anarudi nyumbani. "Glovu nitaiacha palepale uwanjani, bibi. Nimechoka mabasi."

Nikamwambia njoo, mwanangu, ndimu zipo. Nimesema kwa sauti ya kucheka. Simu ilipokatika nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 14 Agosti

Seneta kala kona ya daftari. La jana bado linasomeka. Hakuna lingine.

Alhamisi, 22 Agosti

Jana usiseme! Kapiga mara tatu! Rannel, mwenye gongo la kumsumbua, mara tatu mchezo mmoja, na moja ilikwenda mpaka ukutani! Miledys alikuwa anamsuka mteja, akamwacha nusu kichwa, akaja mbio. Mteja naye akaja na nusu kichwa chake. Tumecheza merenge hapo jikoni watatu, mimi na goti langu, na goti halikusema kitu mpaka asubuhi hii.

Chepe kaja kutupongeza. Ati kutupongeza. Nikamwona anamzunguka Seneta, anambonyeza mbavu, anauliza kama nina oregano ya kutosha ya kuungia nyama. Nikamshika mkono nikamtoa nje. Nikamwambia Chepe, sikia, na Miledys aandike: safari hii sitaki picha, sitaki kocha, sitaki kukumbatiana. Mpaka nisikie kwa kinywa cha Rannel mwenyewe. Akasema sawa, Doña Vige, mimi ni jirani tu. Jirani! Alikuja na kijiwe cha kunolea mfukoni.

Zimebaki siku tisa. Sihesabu. Miledys ndiye anayehesabu.

Jumamosi, 31 Agosti

Andika upesi, Miledys, hata kama mwandiko mbaya.

Leo wanacheza mchana. Simu iko kwenye kopo la sukari, na mtaa wote uko jikoni kwangu. Kipindi cha tatu mpira ulikuja kwa Rannel, ukagonga sijui nini ardhini, ukaruka upande — kama ndimu kwenye jiwe! Akaudaka kwa mkono mtupu. Mkono mtupu! Nikasema huo ni uwanja wangu, hayo ni mawe yangu, na watu wakanipigia makofi mimi.

Kipindi cha nne kocha katoka. Kamnyooshea kidole Rannel. Kamwita.

Wote wakaisogelea simu. Jikoni mwenye watu ishirini!

Kwanza nikafikiri kuku mbovu tena. Lakini picha leo haikuganda. Yule mrushaji mrefu kamkumbatia. Kaja mwingine, kaja mwingine, lile jitu la kituo cha kwanza likamnyanyua juu miguu inaning'inia. Watu wakaanza kelele. Miledys akanishika, analia, ananinong'oneza, "Mama, na mtu anayeaga si hukumbatiwa pia?"

Kweli. Leo ni tarehe thelathini na moja. Nikawaambia nyamazeni, tazameni glovu. Kaiacha? Hatukuona. Lile jitu limeziba kila kitu kwa mgongo wake.

Nikatoka nje, nikaifunga kamba ya Seneta kwenye mkono wangu mwenyewe. Nimesimama naye sasa. Chepe yuko pale kwenye ua, mikono nyuma. Chepe, nionyeshe mikono. Nimesema uionyeshe. Anaonyesha mmoja.

Simu inalia. Ni yeye. Miledys kaipachika sikioni kwangu, usiache kuandika.

Kaomba baraka. Mungu akubariki, mwanangu.

Nasikia anahema. Kuna watu wanaimba nyuma yake, wanagonga milango ya makabati yao ya nguo. Nimemuuliza ni tumbo? Anasema tumbo halina neno. Nimemuuliza glovu iko wapi? Anasema iko kichwani kwake, ameivaa kama kofia. Basi hakuiacha uwanjani!

Na sauti yake, Miledys, andika, ni ile ya siku alipodaka ndimu kumi mfululizo akashindwa kuniambia, akabaki ananyoosha vidole.

"Bibi," anasema, "kaa kwanza. Kaa kwenye kile kiti chako cha mlangoni."

Bado hajasema. Chepe, rudi nyuma, bado hajasema! Nimekaa. Nimekaa, mwanangu, sema. Kamba imeniponyoka mkononi, sijui saa ngapi, na Seneta anakatiza uwanja peke yake, kwa miguu yake mwenyewe, anakwenda moja kwa moja kwa Chepe —