Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Jumamosi

Sasa hii gari ya milango miwili niiuze ama? Leo ndiyo mara ya kwanza nimembeba mama mkwe, ametoka Bungoma. Kukaa mbele kando yangu amekataa. Kwetu mkwe hakaribiwi hivyo. Na kuingia nyuma lazima uiname, upenye. Nimesimama nje nikageukia ukuta nisimwone, mke wangu akimsukuma ndani.

Nilijua nimejiaibisha. Lakini kwa jam ya magari ya Waiyaki Way akaanza kuongea, yeye ambaye hunipa salamu tu! Mvua, ng'ombe, halafu vile alimjua marehemu baba yangu. Tukafika nyumbani Loresho kabla amalize.

Nimemtuma mke amuulize kama ameudhika.

"Anataka umpeleke kanisani kesho. Anasema hapo nyuma anaona kisogo chako tu, kwa hivyo anaweza kuongea."

Kanisa liko hapo karibu sana. Nizungukie wapi, ndiyo amalize hiyo ya baba?