Siku Tano za Kimya na Kitambaa cha Jubilei

Shangazi Fuatino mpendwa,

Salamu kutoka Porirua, huku New Zealand. Nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana nyumbani sijamwambia mtu, na ukiisoma hii redioni tafadhali badili majina.

Mimi ni mchoraji katika studio ndogo ya usanifu, tuko watano na Msamoa ni mimi peke yangu, na juu ya kuchora nimepewa kuusimamia ubao wetu wa kazi, yaani ile programu ya kwenye kompyuta ambamo kila kazi ya mteja ina kadi yake, na kadi inahama kutoka "inachorwa" kwenda "iko kwa mteja" kwenda "imekubaliwa" hadi kwa mchapaji, na ikichelewa inageuka nyekundu, na kila Jumatatu bosi wetu Philippa anasimama mbele ya skrini na kahawa yake anauliza, "Haya, hii nyekundu ni ya nani?" na kila Jumatatu, Shangazi, nyekundu ni yangu, kwa sababu mteja wangu ni kina mama wa kanisa letu, na kina mama wetu hawajibu barua pepe kama kampuni ya vigae inavyojibu.

Basi nikaona aibu, nikaweka kanuni kwenye programu: mteja akipita siku tano za kazi bila kujibu, ihesabiwe amekubali, kadi ihame yenyewe na faili liende kwa mchapaji. Philippa alinipiga begani, akasema, "Losi, wewe kichwa! Mbona hatukufanya hivi zamani?" nami nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Kanisa linatimiza miaka hamsini na kina mama wanataka kitambaa kimoja cha kushona puletasi zao zote, zile nguo zetu za Kisamoa za kanisani, nikawatumia rasimu waone mpangilio na rangi tu, na mahali pa michoro nikaweka picha za maua za kununua mtandaoni, za kushikia nafasi, maua ambayo hata duka la mapazia linaweza kuyanunua. Wakanyamaza. Na mimi nilijua kwa nini wamenyamaza, mama yangu aliniambia jikoni, kwamba Bibi Kalameli ana siapo, ile nguo ya magome, aliyoipiga na kuichora mama yake mzazi na ikatundikwa siku ile nyumba ya kwanza ya sala ilipofunguliwa, na anataka michoro itoke humo, lakini hawezi kuamua peke yake, anaongea kwanza na ndugu zake wa Apia kule Samoa na wa Auckland. Nilijua, Shangazi. Siku ya nne programu ikaniletea onyo kwamba kadi itahama kesho, nikaliona, nikalifunga, na ukweli wenyewe ni kwamba nilisikia nafuu, nikasema moyoni Jumatatu hii nyekundu si yangu.

Sasa majora ya kitambaa yamefika, mita mia tatu za maua ya mapazia yamesimama mlangoni pa studio, na jubilei imebaki wiki tisa. Philippa alipojua kwamba kina mama hawakuwa wamekubali akasema, "Si tuliwaandikia mara tatu? Nichapie historia ya kadi tuwaonyeshe. Siku, saa, kila kitu kimo." Nikamwambia, "Sawa." Jioni hiyo Bibi Kalameli akanipigia, sauti imejaa furaha: "Mjukuu wangu, tumemaliza kuongea! Wote wamekubali, hata yule kaka yangu mbishi. Njoo Jumamosi unywe chai uichukue siapo mwenyewe, sitaki kumkabidhi mtu baki." Na mimi nikasema, "Asante, Bibi," basi, nikakata simu.

Je, niende na ile karatasi ya Philippa nilinde kazi yangu, au niseme nililiona onyo nifukuzwe, au nichukue siapo kimya kimya nichapishe upya wasijue? Nisaidie, sijalala vizuri.

Losi

* * *

Losi, majina nimebadilisha, pumua.

Nianze na pole, kwa sababu kusimama kila Jumatatu mbele ya wenzako ukiwa wewe ndiye mwenye doa ni kazi ngumu, hasa pale ambapo ukieleza desturi ya kwenu inasikika kama kisingizio. Hilo nimelielewa. Lakini sasa kaa vizuri nikuseme.

Hiyo programu haina kosa. Haijui kanisa, haijui Apia, haijui kaka mbishi. Wewe unavijua vyote. Katika studio nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba kina mama wakinyamaza wako kazini, wanashauriana, na mtu huyo ndiye aliyeifundisha kompyuta kwamba kunyamaza ni kukubali. Kwa nini? Ili usionekane mzembe. Uliwachoka shangazi zako wa kanisani ukaiachia mashine ikuharakishie. Uliponiandikia kwamba ulisikia nafuu nilikasirika, halafu nikakuheshimu, maana wengi wasingeliandika hilo.

Hiyo ya kuchapisha upya wasijue itoe kichwani. Majora ya mita mia tatu hayafichiki Porirua, na hata yangefichika, ungekuwa unapokea kitu cha marehemu mama yake Bibi kwa mikono inayoficha jambo.

Leo, ukimaliza kunisikiliza, nenda kwa Philippa. Mwambie: onyo nililiona, nikalifunga, na nilijua bado wanaongea. Usizungukezunguke. Atapaza sauti, acha apaze. Hasara mtaigawana vipi ni mazungumzo yenu, na yaje baadaye. Akikuambia, "Lakini historia ya kadi inatulinda," mjibu kwamba historia hiyo inaonyesha barua tatu kwenda na wala haionyeshi mtu hata mmoja aliyesema ndiyo. Siwezi kukuahidi kwamba hatakufukuza. Ila bosi mwenye akili akisikia kwamba bado kuna wiki tisa na mchoraji anayekubalika nyumbani kwa Bibi Kalameli, atashika simu kabla ya kushika barua ya kukuachisha.

Kisha mpigie mchapaji umwulize siku ya mwisho kabisa ya kupokea faili jipya, uiandike kwenye kadi. Puletasi hazijishoni.

Hiyo kanuni yako ifute. Kwenye kadi ya kina mama andika siku wanayokutana na jina la atakayetoa jibu, na kadi isisogee mpaka mtu huyo aseme kwa mdomo wake. Ikiwa nyekundu, iwe nyekundu. Jumatatu ukiulizwa, sema ni yangu, inasubiri ndugu wa Auckland. Sema bila kuinamisha kichwa.

Kabla ya Jumamosi nenda kwa mke wa mchungaji, umweleze yote, asije akalisikia hili kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Philippa aje nawe Jumamosi. Avue viatu, aketi mkekani, na yeye pia aseme kwa niaba ya studio. Ile karatasi ibaki ofisini.

Na ukifika usingoje chai. Bibi Kalameli ataileta siapo mapema kwa sababu ana hamu nayo. Usiiguse. Mikono ikae mapajani mpaka umeshasema kila kitu, pamoja na lile onyo. Wakikukabidhi baada ya hapo, ipokee kwa mikono miwili uende ukaifanyie kazi. Na Bibi akiikunja akairudisha sandukuni, usilie mbele yake wala usimwombe. Inuka, ukaoshe vikombe kama mjukuu wa nyumba ile.